Sekunde Nne Kutoka Gaborone

Bertilla alikuwa na saa kichwani. Simsifii bure, ndivyo alivyokuwa. Miaka ishirini na mbili alikaa mbele ya swichibodi ya simu hapa Sumbawanga, anachomeka waya huku, anachomoa kule, anawaunganisha watu wa Mwimbi na ndugu zao wa Dar es Salaam, na zama hizo simu ya mbali ilikwenda kwa dakika tatu tatu. Mwanzoni alitazama saa ya ukutani. Baadaye akaacha kuitazama, na wala hakukosea. Aliweza kumenya chungwa, kumsengenya mtu wa dirisha la vifurushi, halafu katikati ya neno akainua kidole na kusema kwenye laini, "Dakika tatu, mnaongeza?" Ukigeuka kutazama ukutani, ni dakika tatu kamili.

Mwaka tisini na nne shirika la posta na simu likagawanywa, ikaja mitambo ya mtu kujipigia mwenyewe, na Bertilla akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wote wa swichibodi. Akarudi nyumbani Mazwi na saa yake kichwani, haina kazi. Akawa anahesabu mambo ya bure: maji ya ugali yanachukua muda gani kuchemka, padri anahubiri dakika ngapi, mumewe Eustaki anachukua muda gani kukubali kwamba amekosea. Hilo la mwisho lilimshinda, akaliacha.

Na sasa, Juni ya mwaka elfu mbili na nne, saa ile ilikuwa inamtesa.

"Nne," alisema, akivua visikizio masikioni. "Sayi, leo pia nne."

Sayi aliinua kichwa. Huyu ndiye aliyekuwa na intaneti kafe ya kompyuta sita, mtaa wa pili kutoka sokoni; mtu wa miaka thelathini na mitano, Msukuma, ambaye baba yake, mzee Kashinje, aliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto la Ziwa Rukwa. Sayi alipanda huku juu kufuata biashara, na baada ya miaka sita alikuwa bado hajauzoea upepo wa Ufipa. Alikaa kazini amevaa makoti mawili.

"Nne nini, mama?"

"Sekunde. Namuuliza mwanangu hujambo, zinapita sekunde nne ndipo anasema sijambo. Jumamosi iliyopita nne, ile ya kabla yake nne. Huyu ana kinyongo na mimi."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana asiye Mfipa anaweza kudhani mama huyu alikuwa mkorofi tu. Alikuwa mkorofi, sikatai, ila si kwa hili. Kwetu salamu si neno la kumtupia mtu ukipita. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, viganja vimelegea, unauliza ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, na mwenzako anajibu hapo hapo, swali halijapoa. Na majibu ya kwanza yote ni mema. Hata kama nyumba imeungua unasema tu wazima, salamu ziishe, ndipo ueleze kwamba nyumba imeungua. Anayechelewa kujibu salamu ana jambo moyoni, na kila aliyekaa pale analijua hilo.

Na jambo lenyewe Bertilla alilijua. Miaka mitatu nyuma Eustaki alifariki, wakati binti yao pekee, Coleta, yuko Mbeya anafanya mtihani wa mwisho wa uuguzi. Mbeya si mbali. Unapanda basi asubuhi, unapita Laela, unapita Tunduma, jioni umeshuka. Lakini wajomba walikaa kikao wakasema mtoto asiharibiwe mtihani, amalize kwanza. Bertilla akakubali. Wakamzika Eustaki, na Coleta akaja kuambiwa baada ya siku kumi na tisa. Alipofika akakuta udongo umeshakauka na maua yamenyauka juu yake. Hakupiga kelele, hakumlaumu mtu. Alikula, akalala, akasalimia majirani wote, na mwaka uliofuata akapata kazi hospitalini Gaborone, Botswana, akaondoka. Tangu hapo hajakanyaga Sumbawanga. Kila Jumamosi saa tano asubuhi wanaongea kwa kompyuta ya Sayi, mama hapa, binti kule, maneno matamu matupu.

Kwa hiyo Bertilla alikuwa na swali moja tu, analala nalo na kuamka nalo. Mwanangu amenisamehe, au bado?

"Mama, hicho si kinyongo," Sayi alisema. "Ni satelaiti. Hilo dishi lililoko juu ya bati linatupa sauti yako angani, kilomita elfu thelathini na sita, halafu irudi chini. Na jibu lake vivyo hivyo. Lazima lichelewe."

"Linachelewa sekunde ngapi?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Sayi akajikuna shingo ndani ya makoti yake. "Sijui hasa. Sijapima."

"Hujapima!" Bertilla alipiga paja. "Jamani, mtu ana laini, ana wateja, hajapima! Sisi asubuhi kabla hatujapokea hata mtu mmoja tulikuwa tunapima kila laini, Mpanda, Mbeya, Namanyere, zote. Laini ikiwa mbovu tunaandika mbovu. Wewe unakaa hapo umejifunika kama kuku mgonjwa, unaniambia kidogo. Nenda kapime, bwana."

Ungedhani Sayi angekasirika. Hakukasirika. Alimpenda mama huyu, na tena alikuwa ameaibika kidogo, kwa sababu mama alisema kweli. Akaahidi kwamba wiki hiyo hiyo atatafuta kifaa cha kupimia.

Jumanne, wateja walipokuwa wachache, alimwita. Bertilla akaja na kitenge chake cha baridi mabegani, akavuta kiti. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na ukurasa mweupe wenye maandishi madogo ya Kiingereza.

"Hiki ndicho kifaa," Sayi alisema. "Ni programu. Inatuma vipande vidogo vidogo upande wa pili, kila kimoja kina namba yake. Kule vinapokelewa na kurudishwa. Halafu inakuandikia, kipande hiki kimechukua muda huu, na hiki kimepotea njiani."

"Hapo sawa. Nani anaiuza?"

"Haiuzwi. Wameiandika watu wasiojuana, mmoja yuko Finland, mwingine Brazili, mwingine hata jina lake hasemi. Wameiweka wazi. Ukitaka unafungua ndani unaona mstari kwa mstari walivyoiandika, ukiona kosa unarekebisha, unawarudishia, na wengine wanafaidi."

"Na hawamdai mtu chochote?"

"Chochote."

Bertilla aliwafikiria watu hao kwa huruma. "Basi na wao walipunguzwa kazini," alisema.

Sayi akabonyeza, ianze kuvutwa ije kwenye mashine. Kikatokea kimstari cha bluu, chembamba, kikaanza kujaa kutoka kushoto. Kilijaa kwa uvivu wa ajabu. Asilimia moja. Unakaa, unakaa. Asilimia mbili. Jua la Juni liliingia dirishani, lile jua letu lenye mwanga mwingi na joto haba, na upepo kutoka milima ya Mbizi ulikuwa unaligonga bati polepole, unaacha, unaligonga tena. Sayi alikwenda kumhudumia mwalimu mmoja aliyetaka kuandika barua. Bertilla alibaki na kimstari chake.

Kilipofika asilimia kumi na tano macho yalikuwa mazito. Hakulala, alisema baadaye, ila mimi nasema alilala. Aliona swichibodi yake ya zamani, lakini safari hii imesimamishwa nje, uwandani, ng'ambo ya mto Lwiche, na haikuwa na mwisho juu. Matundu yake yalikwenda mpaka mawinguni, kila tundu lina mwanga mdogo ndani. Bertilla alikuwa amekaa mbele yake kwenye kile kiti chake cha mbao, nyasi zinamgusa miguu, na sauti za watu wote aliowahi kuwaunganisha zilikuwa zinapita bila haraka. Mtu wa Laela anauliza mahindi yananunuliwaje. Bibi harusi anacheka. Mwanamume mmoja anasema tu haloo, haloo, haloo, hajibiwi, na hakati tamaa. Bertilla alikuwa na waya mmoja mkononi, anatafuta tundu la Coleta. Kila tundu alilochomeka lilikuwa vuguvugu, na halikuwa lenyewe.

Na kwenye visikizio vyake, karibu kabisa, Eustaki alikuwa anasubiri. Hakuonekana, alipumua tu.

"Bado?" akauliza.

"Bado, baba Coleta. Laini ina watu."

"Haya. Mimi nipo."

Alivyolisema hilo neno, mimi nipo, bila hasira, bila haraka! Bertilla alitaka kugeuka amtazame, na mwanga wote ukazimika kwa mpigo.

Alifumbua macho. Kioo kilikuwa cheusi. Kompyuta zote sita zilikuwa nyeusi, na mwalimu alikuwa anagombana na Sayi kuhusu barua yake.

"Umeme umekatika, mama," Sayi alisema. "Tulikuwa asilimia sitini na nane."

"Tunaendelea kuanzia hapo?"

"Tunaanza upya."

Siku ya pili wakaanza upya. Kimstari kilijaa mpaka mwisho, Bertilla akapiga makofi, lakini Sayi akawa anatazama kioo na kukunja uso. Akaeleza kwamba wale watu huweka kwenye ukurasa wao alama ndefu ya herufi na namba, ya kuhakikishia kwamba mzigo umefika mzima. Aliisoma alama ya kwao, akasoma ya faili lake. Hazikufanana. Kuna mahali njiani kipande kilikuwa kimeanguka.

"Si uifungue tu hivyo hivyo?" Bertilla aliuliza. Alikuwa amechoka kusubiri.

"Mama, wewe ndiye uliyeniambia laini mbovu inaandikwa mbovu."

Bertilla alishindwa, na alipenda kushindwa namna hiyo. Alhamisi wakavuta mara ya tatu, na alama zikafanana herufi kwa herufi, Bertilla mwenyewe akizisoma kwa sauti na Sayi akifuatisha kwa kidole. Kuiingiza kwenye mashine hakukuchukua hata dakika mbili. Programu iliuliza maswali matatu, Sayi akakubali yote matatu, na ikafunguka. Kidirisha cheusi, kitupu, kinasubiri kuambiwa kipime wapi.

"Ni hiki tu?" Bertilla alisema.

"Ni hiki tu. Ila upande wa pili na wao lazima wawe nacho, ili vipande vipate wa kuvirudisha."

Sayi akamwandikia Coleta barua pepe, Bertilla akisimama nyuma yake. Dada Coleta, habari za huko. Mama anataka tupime laini kabla hamjaongea Jumamosi. Tafadhali ingiza programu hii kwenye kompyuta yako, maelekezo nimeyaweka hapa chini. Hakuandika sababu. Jioni likaja jibu la neno moja: Nimeshaiingiza.

"Hakuuliza kwa nini?" Bertilla alisema.

"Hakuuliza."

"Mtoto wangu huyo haulizi kitu siku hizi," Bertilla alisema, akaenda nyumbani taratibu, kitenge kimefunika mpaka mdomo.

Siku mbili hizo aliishi kama mtu aliyeko kwenye ukungu. Alikwenda soko la Mandela kununua maharage akarudi na vitunguu. Alimwomba Mungu jambo ambalo sidhani kama Mungu alikuwa amewahi kuombwa na mtu mwingine wa jimbo letu: aliomba satelaiti iwe mbovu. Bwana, ifanye ichelewe sekunde nne kamili. Nne tu, sikuombi kingine. Maana zikiwa nne, basi kimya chote kile ni cha angani, na mwanangu hana neno na mimi.

Jumamosi akafika saa nne na nusu. Sayi alikuwa ameshawasha. Aliandika namba ya kompyuta ya Coleta kwenye kile kidirisha cheusi, akamtazama Bertilla.

"Nibonyeze?"

"Bonyeza."

Mistari ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, myeupe kwenye weusi. Bertilla aliitazama na kwa muda kidogo akasahau alichokuja kutafuta, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Kila mstari ulikuwa ni kitu kilichotoka chumba hiki kikaenda kwa mwanawe na kurudi. Kimetoka, kimefika, kimerudi. Kimetoka, kimefika, kimerudi. Miaka mitatu alikuwa hajapata kitu kutoka kwa Coleta kilichorudi namna ile, bila kusita, kila mara.

"Mia saba," Sayi alisema. "Mia sita themanini. Mia saba na kumi. Hizi ni milisekunde, mama. Elfu moja ndiyo sekunde."

"Kwa hiyo haifiki hata moja."

"Haifiki. Ila na ile programu ya kuongelea inakusanya sauti kidogo kabla ya kuiachia, huku na kule. Tuseme..." Aliitazama mistari, akaona anakoelekea, na sauti ikapungua. "Tuseme moja. Moja na nusu."

"Vimepotea vingapi njiani?"

"Kimoja katika mia."

"Laini nzima," Bertilla alisema.

"Mama, labda kompyuta yake ni nzito. Labda kule kuna..."

"Sayi. Laini ni nzima. Usinidanganye, mwanangu, umeipima vizuri." Alivuta visikizio akavivaa. "Niunganishe."

Sayi akamuunganisha, akatoka nje, akasimama mlangoni kwenye upepo aliokuwa anauchukia.

"Shikamoo mama." Sauti ya Coleta, karibu, safi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Sijambo, mama."

Bertilla alikuwa mtu wa kazi, na kazi haikumtoka. Akajaribu upande mwingine. "Huko kuna baridi?"

"Sana! Asubuhi maji yanaganda bombani." Moja na nusu, si zaidi.

"Umekula nini jana?"

"Wali na kuku, jirani kanipikia." Moja na nusu.

"Habari za kazi, mwanangu? Unaendeleaje?"

Moja. Mbili. Tatu. Nne. "Nzuri, mama."

Basi. Bertilla alifumba macho. Kule juu ya bati upepo uliligonga dishi, na lenyewe halikuwa na kosa lolote.

"Coleta," alisema. "Nisikilize. Ile programu tuliyokutumia, ni mimi niliyetaka. Nilitaka kujua kwa nini unachelewa kunijibu salamu. Tumepima. Anga inachukua moja na nusu. Mengine nikikuuliza unajibu kwa moja na nusu. Nikikuuliza hujambo, unachukua nne. Mbili na nusu zilizobaki ni zako. Mimi ni mama yako na nilikuwa opereta, usinizungushe. Una nini na mimi?"

Hii haikuwa nne. Bertilla aliacha kuhesabu ilipopita kumi.

"Ulinipigia simu," Coleta alisema mwishowe.

"Lini?"

"Mbeya, kwenye simu ya bweni. Baadaye nilikuja kuhesabu, ilikuwa siku ya nne tangu mmzike. Ulitaka kujua mtihani unakwendaje. Nikakusalimia, nikakuuliza, baba hajambo?"

Bertilla alishika visikizio kwa mikono miwili.

"Ukasema hajambo. Hapo hapo, mama. Hata pumzi hukuvuta."

Alitaka kusema si kweli. Alitaka kusema hakumbuki, na hakukumbuka. Kuficha msiba alikukumbuka, alikuwa amekutubu kwa padri mara tatu, mpaka padri mwenyewe akamwambia imetosha. Lakini simu ile? Akaitafuta kichwani, na ikaja. Simu ya duka la jirani, kamba yake imejikunja, yeye amevaa kaniki ya msiba. Mtoto anamsalimia. Ya nyumbani? Wazima. Ya majirani? Wazima. Baba? Hajambo. Lilitoka lenyewe, lilikuwa salamu. Hakulihesabu kuwa uongo kwa sababu hakulihesabu kuwa neno.

"Nilikaa na hiyo hajambo siku kumi na tano," Coleta alisema. Alikuwa analia sasa, na laini nzima ile ilileta kila kitu. "Nikichoka kusoma najiambia, jikaze, baba hajambo. Namnunulia soksi kwa ajili ya baridi. Na yeye yuko chini. Mama, tangu hapo mtu akiniuliza hujambo siwezi kumjibu haraka. Si wewe tu. Wagonjwa wananiuliza, sista hujambo, nasimama pale na sindano mkononi. Lazima kwanza nitazame ndani kama ni kweli. Nikiona si kweli nasema sijambo hivyo hivyo, lakini lazima kwanza nitazame. Wenzangu hapa wananiita mzito wa kusikia."

"Mungu wangu," Bertilla alisema. "Mungu wangu, mwanangu."

"Sikuwa nimenuna."

"Nimekukosea. Siwezi kusema ni wajomba, ni mimi. Mdomo ulikuwa wangu."

"Ndiyo. Ulikuwa wako."

Bertilla alisikia kikombe kikiwekwa mezani kule Gaborone, na gari likipita nje ya nyumba asiyoijua. Alitamani kuingia kwenye waya akatokee upande ule, amshike tu mwanawe kichwa. Hakuwahi kutamani kitu vile maishani mwake.

"Mama," Coleta alisema. "Sijawahi kusimuliwa. Uliniambia baba amefariki, ukanipa chai, watu wakaingia. Kila mtu anasema alikwenda salama, alikwenda kwa amani. Mimi ni muuguzi, najua watu wanavyokwenda. Nisimulie wewe. Ilivyokuwa, si mazuri yake tu."

Bertilla alivuta kiti mpaka kikagusa meza. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumuuliza. Walikuja na kanga zao, na sukari zao, wakamwambia pole, wakamwambia ni mapenzi ya Mungu, naye akawajibu wote hapo hapo.

"Ilikuwa Jumanne asubuhi," alisema. "Aliamka anatetemeka, nikadhani ni baridi tu. Akasema anataka uji. Nikaenda jikoni, nikawasha moto, nikaanza kuukoroga. Akaniita."

"Akakuitaje?"

"Kwa jina langu. Si mama Coleta. Bertilla, akasema. Nikamjibu nakuja." Aliegemeza viwiko mezani. "Na sikwenda, Coleta. Uji ulikuwa unataka kuingia mabonge. Nilimaliza kwanza kuukoroga."